Mshenga Aliyemkana Kiongozi Wake

Mjukuu wangu ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Naanza na hilo kwa sababu nimelisema kanisani, nimelisema kwenye basi, nimemwambia hata fundi wa lifti ya jengo letu hapa Malvern, Kanada, na sioni kwa nini nisiliseme hapa. Mimi niliishia darasa la nne. Yeye anawapa madaktari visu, na wanamsikiliza. Basi aliponiambia kuna kijana anataka kuleta posa, Mzungu, babu yake mzaliwa wa Ayalandi, sikuuliza kijana ana nini. Niliuliza nani atamsemea.

Akasema ni huyo babu, ndiye aliyemlea, kama mimi nilivyomlea yeye. Nikaridhika. Kijana anaweza kukudanganya kwa sababu amependa, hilo nalielewa. Lakini mshenga anakuja na ukoo mzima mdomoni. Mshenga akiwa mwongo, barua ya posa ni karatasi ya kufungia vitumbua.

Tukapanga barua iletwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jumapili iliyotangulia, mzee akatualika kwake North York baada ya ibada, tuonane sura.

Nyumba ilikuwa safi, chai nzito, inakosa tangawizi tu. Alikuwepo kijana, na wazee wawili wenzake na babu yake, Waayalandi pia, ambao huja kila Jumapili kubishana. Televisheni ilikuwa inaonyesha habari za kwao: kiongozi wao amesimama mbele ya vipaza sauti, uso umemshuka. Mjukuu wangu akanitafsiria kwa sauti ya chini. Huyo alikuwa kipenzi cha watu. Aliahidi kuwarudisha nyumbani Waayalandi waliotawanyika duniani, kazi zipo, nyumba zipo, rudini. Sasa inasemekana alijua tangu mwanzo kuwa hakuna nyumba wala kazi, na watu wa kwao hawaongei kingine: ni mwongo, au ni mjinga aliyejidanganya?

Wazee wakaingia kazini. Mmoja akasema yule ana macho ya mtu anayeuza gari bovu. Mwingine akamtetea kidogo, kwamba nia alikuwa nayo, washauri ndio walimponza. Babu wa kijana ndiye aliyemchana kuliko wote. Alikuwa anajipiga goti kwa kiganja. Alisema yule ni mtu wa maneno matamu tu, alimshtukia tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kumwamini hata saa moja. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Na mimi nikampenda. Nikasema moyoni, huyu ana jicho, huyu atatufaa.

Muda wa kuondoka ulipofika nikapanda juu kuchukua koti langu, maana makoti ya wageni yalikuwa yamelazwa kitandani kwake. Kati ya kitanda na kabati palikuwa na fremu kubwa, imegeuziwa ukuta. Nikiona kitu kimefichwa, mkono wangu hauningoji. Nikaigeuza. Alikuwa yeye, mzee mwenyewe, na yule yule wa kwenye televisheni. Wameshikana mikono yote miwili. Mzee ana beji ya chama kifuani na anacheka kama bwana harusi.

Ningeweza kuirudisha. Nilishuka nayo.

Mjukuu wangu aliniona nikiwa bado kwenye ngazi, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeona mtoto ameshika wembe. Nikapita. Nikaiweka mezani katikati ya vikombe.

"Mwulize huyu anayecheka hapa ni nani."

"Bibi, tafadhali."

"Tafsiri kama nilivyosema."

Hakutafsiri, wala haikuhitajika. Mzee mmoja akavaa miwani yake, akaishika ile picha mbali na uso, akaitazama. Alisema neno fupi ambalo hata Kiingereza changu kibovu kililishika: kumbe ile wiki uliyosema unaumwa mgongo ulikwenda kwake. Mwenzake akacheka, halafu akaona anacheka peke yake, akaacha. Masikio ya babu wa kijana yalikuwa mekundu kama yamechomwa. Hakututazama. Aliondoka akaenda jikoni, tukasikia maji ya bomba yanamwagika, yanamwagika, na hakuna sauti ya chombo.

Kijana alituendesha kwa gari, barabara kuu ya 401 yote, mikono miwili kwenye usukani.

Tulipofika nyumbani nikatoa hukumu hata viatu sijavua. Barua kutoka mdomo ule siipokei. Leo amemkana kiongozi wake kwa sababu watu wamemgeuka. Kesho watu wakisema neno juu ya mke mweusi wa mjukuu wake, atasema hakuwahi kumjua. Nilisema na mengine, marefu. Mjukuu wangu huwa ananijibu kwa Kiingereza, ndivyo tulivyozoea. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili chake cha utotoni, kila neno limesimama peke yake.

"Na yule babu wa kwenye kanga? Uliniambia humjui."

Akaingia chumbani, akafunga mlango bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Kanga hiyo ninayo. Ina sura ya mbunge wetu wa wakati ule, kubwa, katikati, amevaa miwani. Alituahidi maji. Mimi nilikuwa kiongozi wa kina mama wa ngoma, na nilimchezea mpaka nyayo zikavimba, nikazunguka nyumba kwa nyumba nikiwaambia majirani mpeni kura, huyu namjua. Mabomba yakaletwa, yakalazwa kando ya barabara, uchaguzi ukapita, yakapakiwa kwenye lori yakaondoka. Watu walipoanza kumtukana, nilitukana kuliko wote. Nikasema mimi sikuwahi kumpigia kura. Kanga nikaitumia kumbebea mjukuu, ikaja naye hadi Kanada ndani ya begi, na siku moja, akiwa na miaka saba, aliniuliza huyu babu ni nani. Nikamwambia simjui, hiyo kanga niliiokota tu.

Kumbe alijua. Watoto wanajua, wanakutunzia.

Jumatatu kijana akapiga simu. Babu yake amesema Jumamosi haji. Hawezi kusimama mbele ya yule mama. Na kijana naye alisema hatamtafuta mtu mwingine wa kumsemea, aliyemlea ni mmoja. Mjukuu wangu alinipa habari hiyo akiwa anafunga kamba za viatu vyake vya kazini. Hakunilaumu. Alikwenda kazini, akarudi, akala amesimama karibu na jiko, akalala. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano nilimsikia akimwambia mama yake kwenye simu kwamba wageni waambiwe wasije. Mama yake anafanya kazi Alberta na tiketi alishakata. Nikakaa kwenye kiti changu nikiisikia friji inavyonguruma.

Kwetu upande wa mwanamke hauendi kugonga mlango wa upande wa mwanamume. Ukifanya hivyo unakuwa kama unayemtembeza binti yako sokoni. Nalijua hilo vizuri kuliko sala zangu. Alhamisi asubuhi nikaikunja kanga, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda basi, nikabadilisha, nikapanda jingine. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na viatu vyangu vikaingia maji. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya Kiingereza, nayapata, yananipotea.

Niligonga mlango mara tatu ndipo mzee akafungua, ana sweta iliyotoboka kiwiko. Aliponiona alitaka kuurudisha. Nikaweka mguu. Nikaitoa kanga, nikaikunjua pale pale mlangoni, upepo ukaipiga usoni kwangu, nikaishusha. Nikamwonyesha mbunge. Nikajionyesha mimi.

"Huyu alidanganya," nikasema kwa Kiingereza changu. "Mimi nilicheza. Halafu na mimi nikadanganya. Nikasema sikucheza."

Aliitazama ile sura muda mrefu. Akagusa upindo wake kwa vidole viwili. Nilidhani atacheka, na angecheka ningerudi zangu nyumbani na mambo yangeishia hapo. Badala yake akasogea kando nipite.

Sebule ilikuwa na meza na viti, ila sasa niliona ambacho sikukiona Jumapili. Kwenye zulia palikuwa na alama za miguu ya kabati ambalo halipo. Kwenye ukuta palikuwa na mraba mweupe, ukubwa wa ile picha. Akanieleza polepole, neno moja moja, kama anavyoelezwa kiziwi. Alimwamini yule mtu. Alimwamini mpaka akaanza kuuza vyombo vyake, arudi akafie kwao. Kabati la mke wake aliliuza kwanza. Kisha habari zikabadilika, na wenzake wakaanza kumcheka yule mtu kila Jumapili ndani ya nyumba hii hii, na yeye akaona ni rahisi kucheka pamoja nao kuliko kusema alishauza kabati.

Nikaomba chai. Akachemsha. Tukanywa.

Nilipokuwa navaa koti akauliza, "Jumamosi saa ngapi?"

Alikuja saa nane, tai imembana shingo, bahasha ndani ya koti. Sebule yetu ilijaa watu wa kanisani, binti yangu ametoka Alberta na macho mekundu ya ndege, mjukuu wangu yuko chumbani kama desturi inavyotaka, mlango umeachwa wazi upana wa kidole. Mzee akasimama. Mchungaji wetu akatafsiri. Alisema kabla ya kumsemea mjukuu wake anataka wajue anayesema ni nani: ni mtu aliyemwamini kiongozi akakosea, kisha akawaambia rafiki zake kwamba hakumwamini. Kwa hiyo atakayosema juu ya kijana huyu, wayapime.

Binti yangu akanitazama mimi, aone kama nimechukia. Mlango wa chumbani ukafunguka upana wa kidole kingine.

Akasema kijana ana hasira za haraka na zinapoa haraka. Akasema hajui kupika. Akasema yeye mwenyewe alipokuwa amelazwa kwa ugonjwa wa mapafu, kijana alilala kwenye kiti kando yake siku tisa. Kisha akatoa barua.

Nikainuka, magoti yakalia, nikaipokea kwa mikono miwili.