Kaka aliniuliza apande basi la kutoka Yemen au abaki, nikamjibu kwa maneno ya Mzee Mizani

Wakuu, nawasalimu popote mlipo.

Uzi huu nimeuandika kwa wiki mbili, mistari michache kila nikitoka kazini. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo mkikuta makosa mnivumilie. Ila nitakayoyasema ndiyo yaliyotokea. Sijaongeza kitu. Nimepunguza kidogo tu, pale nilipoona haya.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nipo Toronto tangu 2010. Shangazi yangu ndiye aliyenileta, anaishi kwenye maghorofa ya Crescent Town, na mimi nakaa kwake mpaka leo. Nakata kuku kwenye bucha ya halali barabara ya Danforth. Kazi yenyewe haihitaji maneno mengi, na mimi ndivyo ninavyopenda.

Tulizaliwa wawili tu. Mkubwa ni kaka Swaleh. Yeye alipenda kusoma dini, akapata nafasi Tarim, kule Hadhramaut, Yemen. Watu wa pwani hamtashangaa, kwetu ni kawaida kijana kwenda huko kusoma. Aliondoka yeye, mwaka uliofuata nikaondoka mimi.

Mama akabaki na nyumba.

Majirani wakimuuliza habari za wanawe alikuwa anawajibu, "Mmoja nimemwanika, mmoja nimemgandisha." Wanacheka, na yeye anacheka. Kisha akinipigia simu hacheki.

Mwanzoni mwa 2015 akaanza kuniambia jambo moja kila Ijumaa. "Hamadi baba, mmoja wenu arudi. Sichagui. Yeyote kati yenu."

Akatengeneza chumba cha nyuma. Akapiga chokaa, akaweka dirisha la wavu, akanunua godoro. Alinitumia picha ya lile godoro, jipya, bado limo ndani ya nailoni yake. Akasema halitafunguliwa mpaka mwenyewe aje.

Mimi sikuweza kwenda. Faili langu la makazi lilikuwa bado ofisini, na wakili alishaniambia nikitoka Canada kabla halijajibiwa nisitegemee kurudi. Kwa hiyo aliyebaki wa kurudi alikuwa Swaleh. Hilo tulilijua wote watatu, ingawa hakuna aliyelitamka.

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Mizani.

Jina lake ni Mzee Amour, mtu wa Pemba. Alifanya kazi Muscat miaka mingi kabla ya kuja huku, na Kiarabu anakisikia kama anavyosikia Kiswahili. Yuko jengo la pili kutoka letu. Kila Jumapili baada ya Adhuhuri tulikuwa tunakusanyika kwake, watu sita au saba, kahawa na visheti, tunaangalia habari za nchi za Kiarabu. Karibu kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake huko. Mwingine ana dada Muscat, mwingine ana mjomba Aden.

Mzee alikuwa hatafsiri habari tu. Alikuwa anazipima, ndiyo maana tukamwita Mizani.

Alikuwa na chaneli tatu. Anasikiliza ya kwanza, anahamia ya pili, anahamia ya tatu, halafu anashusha sauti na kutuambia. "Hii ni ya mfalme huyu. Hii ni ya mfalme yule, hasimu yake. Hii ya tatu mwenyewe hajulikani, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Habari ya Kiarabu ina mwenyewe. Kwanza muulize mwenyewe anataka nini, ndipo uisikilize."

Siku moja mwaka 2011 chaneli moja ilionyesha uwanja umejaa watu, nyingine ikaonyesha uwanja ule ule mtupu. Tukabishana. Mzee akasimama, akaweka kidole kwenye kioo. "Tazameni vivuli. Hawa wamepiga picha asubuhi watu wamelala, hawa wamepiga jioni. Wote wamesema kweli, na wote wamewadanganya."

Siku nyingine chaneli mbili zikasema mji fulani wa Yemen umetekwa. Yule mwenzetu mwenye mjomba huko akapiga simu pale pale. Mjomba akapokea, nyuma yake kunasikika ngoma. Walikuwa harusini.

Baada ya hapo nani angembishia Mzee?

Alikuwepo Feisal tu, dereva teksi, mtu wa Mombasa. Yeye alikuwa anamchokoza. Februari moja ya baridi kali, mtangazaji wa hapa Toronto akasema kesho itakuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Feisal akasema, "Mzee, na hii pia ni propaganda, ama?"

Mzee akanywa kahawa yake. "Hiyo naiamini. Baridi haina mfalme."

Tulicheka mpaka mke wake akachungulia kutoka jikoni.

Mimi pale nilikuwa msikilizaji. Miaka minne nilikaa kwenye kochi lile lile, na sidhani kama nilizidisha maneno kumi kwa Jumapili moja. Lakini nilikuwa nikirudi nyumbani nayarudia maneno ya Mzee moyoni. Niliona nimepata elimu ambayo shule haikunipa. Shangazi akiogopa habari fulani nilikuwa namwambia, "Shangazi, hiyo ina mwenyewe." Nilijisikia mtu mzima.

Basi. Vita vya Yemen vikachachamaa mwaka ule wa 2015.

Jumamosi moja asubuhi Swaleh akanipigia. Sauti inakatika.

"Hamadi, nisikilize, chaji imebaki kidogo. Kuna basi la wanafunzi linaondoka keshokutwa baada ya Alfajiri, linakwenda mpaka wa Oman. Wamepata ruhusa ya kundi. Nafasi yangu ipo."

Nikamwambia, "Sawa kaka."

"Ila huku kwetu kimya. Watu wanalima, madrasa inaendelea. Na mimi nimebakiza kitabu kimoja tu kwa sheikh wangu. Kimoja, Hamadi. Nikitoka sasa sitarudi kukimaliza. Umeme siku ya nne hakuna, hatuoni kitu. Nyinyi mnaona tivii. Huko wanasemaje? Itafika huku au haifiki?"

Nikamwambia, "Ngoja niulize."

Akasema, "Wewe ukiniambia nitoke, natoka."

Wakuu, kaka yangu amenizidi miaka sita. Maisha yetu yote yeye ndiye anayesema na mimi ndiye ninayefuata. Siku ile alinipa mimi neno la mwisho kwa sababu tu mimi nilikuwa na tivii.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee mapema. Watu wakajaa, chaneli tatu zikaanza, zote Yemen. Moshi, ndege, ramani zenye rangi nyekundu. Nilikuwa nimejiandaa tangu usiku niseme nini, nimeyapanga maneno kama mtu anayekwenda kuposa.

Lakini palikuwa na watu tisa siku hiyo, na wote wakanigeukia nilipofungua mdomo, kwa sababu hawajazoea kusikia sauti yangu. Nikaona haya. Maneno niliyoyapanga yakapotea. Nikauliza kwa kifupi tu:

"Mzee, na Hadhramaut? Itafika?"

Hilo tu. Sikusema kuna basi. Sikusema kuna kaka anasubiri jibu langu. Sikusema kuna mama amepiga chokaa chumba kizima.

Feisal akasema, "Aaa, leo Tanga imeongea." Watu wakacheka.

Mzee akalichukua swali langu kama anavyochukua maswali yote pale. Akapima. Akasema hii chaneli inapaka Yemen yote rangi moja kwa sababu mwenyewe anataka dunia iogope. Hii ya pili inajibu ya kwanza. Akasema bonde la Hadhramaut lina watu wake na mila zake, hakuna mwenye haja ya kulipiga. "Haitafika," akasema. "Hizi ni kelele. Msiyumbishwe na ramani."

Nilitoka pale nimepona. Njiani nikamtumia Swaleh voice note. Bado ninayo, sijawahi kuifuta. Nasikika najiamini kuliko siku zangu zote. "Kaka, tulia umalize kitabu chako. Nimeuliza watu wanaojua. Hizi habari zina wenyewe. Haitafika."

Akajibu, "Alhamdulillah. Nimekusikia."

Basi likaondoka bila yeye.

Na sasa naomba mnielewe vizuri. Mzee Mizani hakukosea. Vita haikufika kule Tarim anakoishi kaka yangu. Alimaliza kitabu chake na sheikh akampa ijaza, ruhusa ya kufundisha. Kila alichosema Mzee kuhusu zile chaneli kilikuwa sahihi.

Ila uwanja wa ndege ulifungwa. Njia ya kwenda mpaka wa Oman ikawa haipitiki kwa mtu asiye na kundi wala kibali. Pasipoti ya Swaleh ikaisha muda, na ubalozi wa kuibadilisha ulikuwa upande wa pili wa vita. Hakupigwa na kitu. Alifungiwa ndani tu, kama chumba ambacho hakijaungua lakini mlango wake ndio unaowaka moto.

Mama hakunilaumu. Alisema, "Basi atamaliza, halafu atakuja." Kila Ijumaa akaendelea kuulizia faili langu na njia ya Swaleh. Mwezi wa nane tangu lile basi liondoke, kiharusi kikamwangusha akiwa anatawadha. Hakulala hospitali hata siku mbili.

Alizikwa baada ya Alasiri, huku kwetu Toronto ni asubuhi. Bakari, kijana wa jirani, ndiye aliyeshika simu makaburini ili sisi wawili tusikie. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma cha bucha, nimevaa aproni, nimekaa juu ya kreti. Swaleh alikuwa juu ya paa la nyumba yao akitafuta mtandao.

Nilisikia jembe. Nilisikia watu wanapokezana, "lete udongo, lete huku." Nikamsikia Swaleh anaanza kusoma, sauti yake nzuri ile, akasoma kidogo, mtandao wake ukakatika. Bakari akaita, "Kaka Swaleh? Kaka Swaleh?" Nikabaki mimi peke yangu kwenye simu, na mimi sikujua kuisoma sura ile mpaka mwisho.

Watoto wawili wa kiume, na kaburini mtoto wa jirani ndiye aliyeingia kumpokea mama yetu.

Khitma tuliisoma hapa Crescent Town kwa shangazi. Mzee Amour alikuja. Watu walipoondoka yeye akabaki, na ndipo nikamwambia lile ambalo nilishindwa kusema ile Jumapili. Nikamweleza basi, nikamweleza swali la Swaleh, nikamweleza godoro.



Akasema, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia kuna basi?"

Nikasema, "Niliona haya, Mzee."

"Ungeniambia kuna basi ningekwambia apande. Habari ziwe kweli, ziwe uongo, mwenye basi apande. Mimi nilidhani tunazungumza habari."

Hakusema kwa kujitetea. Alilia. Sijawahi kumwona analia kabla wala baada. Jumapili iliyofuata tulipokwenda kwake tivii ilikuwa imezimwa, tukanywa kahawa tukaulizana habari za watu wetu mmoja mmoja, kwa majina. Feisal mwenyewe hakufanya mzaha.

Mwaka jana, 2018, karatasi zangu zikatoka, nikaenda Tanga. Nilifika kaburini. Nilifungua nyumba kwa ufunguo wa Bakari. Chumba cha nyuma chokaa imeanza kumenyeka, dirisha la wavu lipo, na godoro lipo pale pale ndani ya nailoni yake, juu lina vumbi.

Nilitaka kulilalia. Mama mwenyewe alisema yeyote kati yetu, na mimi nilikuwa nimekuja. Nikashika nailoni ili niichane, mkono ukakataa. Nikatandika mkeka sakafuni, nikalala pembeni yake siku zote kumi na nne nilizokaa.

Swaleh bado yupo Tarim. Anafundisha sasa. Ijumaa tunaongea mtandao ukiwepo, na kila mara kabla hatujaagana ananiuliza swali lile lile, "Huko wanasemaje?" Nami siku hizi namjibu, "Huku wanasema mengi, kaka. Njia je, imefunguka?"

Anasema bado.

Wakuu, sisemi muamini chaneli. Mimi mwenyewe siziamini mpaka leo, na mtu akiniletea ramani nyekundu nitamuuliza ni ya nani. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa naona ujanja kutoamini habari, na sikuona kwamba uongo wa watu unaweza kufunga uwanja wa ndege wa kweli. Na ukiulizwa na ndugu yako swali la kwake, usiende kuliuliza barazani kama swali la dunia. Sema kuna basi. Sema kuna mama. Haya itakupita baada ya dakika mbili.

Najua humu mna watu wenye ndugu Yemen, Oman, Syria, Libya. Wakiwauliza wabaki au watoke, huwa mnawajibu nini? Nisaidieni, kwa sababu siku njia ikifunguka kaka ataniuliza tena, na safari hii nataka niwe na jibu la kwangu.

Godoro bado halijafunguliwa.