Fuvu Kwenye Bakuli la Maharage

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, alikuwa mtunza ghala la dawa za wadudu. Mtu mrefu, mpole, mchoyo. Uchoyo wake ni wa chakula tu. Shati atakuvulia, lakini ukigusa sahani yake anakukodolea macho kama umemwibia mtoto.

Pale ghalani sumu zote zina picha ya fuvu. Mataifa yalikaa yakakubaliana iwe hivyo dunia nzima, ili hata sisi tulioishia darasa la pili tujue hapa pana kifo. Jambo zuri. Naye akaliharibu.

Wapakiaji walikuwa wanamlia maharage yake, yale ninayompikia mimi. Bwana huyu akachukua fuvu la kubandika, akalibandika kwenye bakuli langu, akaliweka rafuni kati ya makopo. Wenzake wakakoma. Akanenepa.

Siku moja nyumbani tulikuwa na wageni, nikalifuata bakuli langu ghalani. Nakuta mkaguzi kavaa glavu na barakoa, analifungia kwenye mfuko.

"Sumu gani hii isiyo na jina?" anamuuliza mkwe.

Mkwe akisema sumu, haijasajiliwa, kazi hana. Akisema chakula, kula ghalani ni marufuku, kazi hana.

"Lete bakuli langu," nikasema.

"Mama, rudi nyuma! Hatari!" mkaguzi akanizuia.

"Hatari ni hiyo sura yako. Haya maharage nimeyaunga mwenyewe asubuhi."

Nikapasua mfuko, nikala. Mkaguzi akapiga kelele liitwe gari la wagonjwa. Wapakiaji wakanizunguka, wananisubiri nianguke. Nikaomba chumvi.

"Ni chakula," mkwe akanong'ona. "Nisamehe, mama."

"Mama yako yuko kwao."

Mkaguzi akavua barakoa, akafoka: leo wakizoea fuvu kwenye maharage, kesho mtu atakunywa sumu yenyewe akidhani ni mchuzi. Hapo alisema kweli. Tajiri mwenye ghala hakumfukuza mkwe wangu. Alimtoa ghalani akamweka getini, afungue na kufunga.

Mkaguzi aliagiza lile fuvu libanduliwe. Lakini mkaguzi hali chakula kwangu. Kila jioni nampakulia mkwe humohumo bakulini, fuvu likiwepo, hata wazazi wake wakija.

Juzi kanibembeleza, "Mama, si tulibandue tu, yaishe?"

Nikamwambia, "Kula, baba. Hapa hakuna wa kukuibia."