Kampani, Si Kampuni

Mkasa huu sijawahi kuusimulia huku nikimtazama mtu usoni, na hata sasa nashukuru kwamba hamnioni. Watu waliofukuzwa matangani kwa sababu ya ulevi nimewasikia, lakini mtu aliyesababisha mzee wa watu afukuzwe matangani kwa sababu ya herufi moja, hapa Nairobi, namjua mmoja tu, na ndiye huyu anayewaandikia.

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa mtu wa vibarua, leo nabeba majora ya vitambaa Biashara Street, kesho niko Dagoretti naosha matumbo machinjioni, na shule nilikuwa nimeiacha mapema ila maneno sikuyaacha (nilisoma kila kitu, hata kipande cha gazeti kilichofungia nyama), ndiyo maana wenzangu kule mtaani kwetu Satellite waliniita Dikshenari. Katika duka moja la vitambaa niliwakuta watu wawili: Wekesa, fundi wa cherehani kutoka Bungoma, na mwenye duka, Mzee Jivraj, Mhindi aliyefiwa na mkewe zamani. Kila alasiri mzee alikuwa anatoa mkate, anaukata katikati, nusu yake, nusu ya Wekesa, wanachovya kwenye chai bila kusema neno. Sisi wabebaji tulikuwa tunawacheka. "Cheki bibi na bwana," tulikuwa tunasema.

Wekesa akaugua kifua, akafa. Mkewe alikuwa Bungoma na watoto, kwa hiyo msiba wa Nairobi ulishikwa na kaka yake, Barasa, mtu wa sauti nzito ambaye duka lile hakuwahi kulikanyaga. Ibada ilifanyika katika ukumbi wa kanisa pale Satellite, basi la kubeba jeneza mpaka Bungoma likingoja nje. Mzee Jivraj alikuja peke yake, blanketi kwapani na mkate umefungwa kwenye gazeti. Alitaka kusafiri na rafiki yake mpaka kaburini. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Pasta akampa nafasi ya kusema machache. Mzee akanong'ona, "Kiswahili yangu ni ya duka tu. Lete, peleka, funga. Mimi hapana weza aga Wekesa na lete-peleka. Nitasema Kiingereza."

"Nani atatafsiri?" pasta akauliza.

"Dikshenari yuko!" wenzangu wakapaza sauti. Nami, badala ya kuinamisha kichwa kama mtu mwenye akili, nikasimama, nikafunga kifungo cha shati, nikaenda mbele.

Mzee akaanza: "He kept me company."

Sasa, neno hilo la mwisho nililijua. Kila mtu Nairobi analijua. Ukiingia baa, mlevi anakwambia, "Kaa hapa bwana, nipe kampani." Lakini nikajiambia kampani ni neno la walevi, mbele ya pasta na jeneza haliwezi kutamkwa, ngoja nilisafishe liwe Kiswahili cha redioni. Nikasema kwa sauti:

"Wekesa alinitunzia kampuni!"

Watu wakatazamana. Mzee akaendelea kwamba duka bado liko wazi, ila yeye hana tena mwenzake, na neno likawa lile lile. Nikatafsiri: "Duka liko wazi, lakini kampuni sina tena." Kisha akaliangalia jeneza, machozi yakamtoka, akaomba aruhusiwe kuwa na Wekesa safari hii ya mwisho. Nami, ulimi umeshapata moto: "Naomba kampuni ya Wekesa kwa mara ya mwisho!"

Barasa akainuka.

"Ngoja kidogo. Kampuni ya Wekesa? Ndugu yangu alikuwa na kampuni?"

"Hapana, bwana," nikamwambia, jasho linanitoka. "Si kampuni ya duka. Ni ile ya... ya kuwa pamoja. Walikuwa pamoja."

"Aa! Kumbe walikuwa washirika!" Barasa akawageukia watu. "Mnasikia? Ndugu yetu amekufa akishona viraka, kumbe duka ni lake nusu! Na huyu amekuja kuiomba mbele ya maiti!"

Ukumbi ukachafuka. Nilijaribu kupiga kelele, "Ni kampani! Kampani!" na mama mmoja akanijibu, "Tumesikia, kijana, kampuni!" Wanaume wakamshika mzee mabega, wakamsukuma mpaka nje, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Mkate ulianguka ukakanyagwa. Jeneza likaingizwa ndani ya basi, na basi likaondoka.

Nilimpelekea kiatu. Alikuwa amesimama barabarani na blanketi lake.

"Wewe ndiyo ulisema maneno yangu," akaniambia. "Mimi nilisema nini mbaya?"

Nikamwambia, "Hakuna, mzee. Ni uchungu wa msiba tu." Nikamvisha kiatu, nikaondoka haraka.

Miezi ikapita. Siku moja, kwa muuza vitabu vya mitumba kando ya barabara mjini, nikafungua kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada, na vidole vikaenda vyenyewe kwenye neno lile la mzee, company. Iliandikwa kwamba limetoka katika lugha ya kale, sehemu moja ina maana ya pamoja, nyingine mkate: watu wanaokula mkate mmoja. Nikasimama pale mpaka mwenye vitabu akaniuliza kama nanunua au naota jua. Nikakimbia Biashara Street.

Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa. Mlinzi wa duka la jirani akaniambia mzee alifariki, akachomwa wiki iliyopita kule Kariokor, Wahindi wanakochomea maiti wao.

"Na ule mkate wa alasiri?"

"Alinunua mpaka siku ya mwisho. Alikula nusu, nusu akaweka juu ya cherehani ya yule fundi. Panya wamenenepa sana humo ndani."

Kutafsiri niliacha. Mtu akiniita Dikshenari siitiki. Na nikitaka mtu akae nami, hata pasta mwenyewe akiwa mbele yangu, naomba kampani, vilevile kama walevi wanavyosema.