Glovu ya Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alipiga pasi mashuka ya hospitali tangu ujana wake. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilibaki kwenye mashine ya zamani. Hakunung'unika. "Mungu kaniachia vya kushikia kijiko," alikuwa akisema.

Kisha wakaleta roboti la kupiga pasi. Yeye akapewa kulilisha mashuka, mimi kuyakunja. Msimamizi, kijana wa juzi tu, akatutuliza: "Msiogope, mama zangu. Limefundishwa mkono wa binadamu. Likiuona tu, linasimama."

Tukajaribu mmoja mmoja. Kwangu likasimama. Kwa wifi, bamba la moto likashuka vilevile. Akauchomoa mkono kwa rehema za Mungu.

"Mwanangu, lifundishe na wangu basi," akaomba.

"Lijue vidole vitatu? Si litasimama kila likiona uma!"

Watu walicheka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo wakamwita Mama Uma.

Wifi hakukubali kushindwa. Akashona glovu, vidole viwili akavijaza matambara. Roboti likaona vitano, likamheshimu. "Umeona, wifi?" akaninong'oneza. "Sasa na mimi ni mtu."

Lakini siku moja alikwenda kunywa maji, akaisahau glovu mezani, mbele ya roboti. Likagoma. Mashuka yakarundikana, wodini wakapiga kelele. Msimamizi akaja mbio, akaikuta glovu tupu imejilalia pale.

"Tambara linasimamisha kazi! Marufuku kuanzia sasa. Asiyetaka, mlango uko wazi." Akaitupa kwenye kapu langu.

Kaka yangu alikuwa kitandani, hajiwezi hata kugeuka. Mlango ule wifi angetokaje?

Akarudi kazini mkono mtupu. Haikupita hata saa, shuka likajikunja chini ya bamba. Akalivuta. Bamba likashuka.

Alivyolia, sitasimulia. Niliichopoa ile glovu kapuni nikaitupa mbele ya jicho la roboti. Papo hapo likasimama, likanyanyua bamba taratibu, kama mtumishi mwenye adabu zake.

Msimamizi alipofika, wifi alikuwa sakafuni, nimempakata. Akalitazama roboti, akaitazama glovu.

"Si niliwaambia?" akasema. "Mbona linasimama vizuri tu."