Bilha na Marafiki Wasioimba

Kama kuna mtu anayeweza kukueleza habari za dini za Wamarekani tangu unapopiga mswaki mpaka unapotafuta kiatu cha pili cha kwendea kazini, ni Bilha. Mie naishi naye, kwa hiyo ninachokusimulia nimekilipia kwa masikio yangu.

Tumepanga pamoja hapa Adelphi, jimbo la Maryland, Marekani, nyuma ya University Boulevard, na kazi yetu ni moja, kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee upande wa Bladensburg. Yeye ni Mmaragoli wa Vihiga, Kenya. Mimi ni Domina, Mhaya wa Bukoba. Jikoni Kiswahili chetu kinagombana kila siku, yeye na "aki" zake na mimi na "jamani" zangu, lakini chai tunakunywa birika moja.

Bilha alitaka kuwa nesi. Si msaidizi wa nesi, nesi mwenyewe. Masomo ya kuingilia shule ya unesi alikuwa ameyamaliza yote, hata lile la mwili wa binadamu lililomliza, likabaki moja tu la kuchagua mwenyewe. Watu wenye akili zao huchagua somo jepesi. Yeye akachagua Dini katika Jamii ya Marekani. Nikamwambia, mwenzangu, dini unayo, sasa unakwenda kuisomea ya nini? Akanicheka tu.

Somo likamwingia kichwani kama pombe ya mbege. Tukipita New Hampshire Avenue ananiambia nipunguze mwendo, maana barabara ile ina msikiti, ina hekalu la Wahindu, ina la Wabuda, ina makanisa ya kila kabila, yamepangana kama maduka. "Domina, si unaona? Hakuna anayemfukuza mwenzake!" Nyuma yetu watu wanapiga honi. Siku aliposoma kwamba Maryland ilianzishwa na Wakatoliki waliokuwa wanatafuta mahali pa kusalia kwa amani, alikuja kuniamsha. Mie Mkatoliki nilijivuna wiki nzima kana kwamba nilikuwepo.

Lakini darasani alikuwa bubu. Hilo ndilo lililokuwa linaniumiza. Profesa wao, Leonard, mtu mpole mwenye sweta moja, alikuwa amesema wazi: kuongea kuna alama zake, na mwisho wa muhula kila mtu atasimama mbele aprezenti. Asiyesimama amefeli. Na Bilha akifeli, nafasi yake ya unesi ya Januari anapewa mwingine, na mwingine huyo yupo tayari, anangoja. Wiki ya kwanza alijibu swali moja darasani, akarudi nyumbani amenuna, na tangu hapo akafunga mdomo. Nikimuuliza kulikoni, anasema, "Achana na hiyo, Domina." Nikajua ni lafudhi. Nikajua kuna katoto kamemcheka, nikakachukia bila kukaona.

Kazi ya kuprezenti ilikuwa hivi: nenda kwenye ibada ambayo hujawahi kuhudhuria, kaa, tazama, sikiliza, usivuruge, kisha njoo utueleze. Bilha akachagua Marafiki, wale wanaoitwa pia Wakweka. Kwao Vihiga Marafiki ndio kanisa lenyewe. Amezaliwa humo, na mama yake yumo katika umoja wa akina mama, wale wanaovaa sare na kuimba mpaka vumbi linanyanyuka. Na waliowapelekea dini hiyo zamani ni wamisionari wa Kimarekani. "Sasa nataka nione kwa wenyewe," aliniambia, macho yanawaka. Akamwandikia profesa kumuuliza kama inaruhusiwa, maana ni dini yake. Profesa akajibu kwa ufupi: nenda, halafu uniambie wewe kama ni yako.

Jumapili hiyo sikuwa na zamu. Nikamsindikiza, kwa sababu gari ni langu na umbea pia ni wangu.

Tulivaa, usiulize. Bilha alitoa kitenge cha harusi ya dada yake, mimi gauni la Pasaka na kilemba. Tukabeba na maandazi kwenye hotipoti, kwani huendi kwa watu mikono mitupu. Tulipoingia nikaona watu wamevaa jinzi na viatu vya kupandia milima. Madhabahu hakuna, msalaba hakuna, hata kinanda hakuna. Mabenchi yanatazamana, na watu wamekaa kimya, wengine wamefumba macho. Tukakaa nasi.

Nikadhani mchungaji amechelewa. Nikamnong'oneza, "Mchungaji wenu yuko wapi?"

"Sijui. Labda ni jam," Bilha akasema.

Kimya kikaendelea. Nikasali sala zangu zote ninazozijua, zikaisha, nikaanza upya. Tumbo langu likanguruma, na nina hakika walilisikia mpaka Baltimore.

Sasa ngoja nikueleze jambo moja la kwao Vihiga. Kanisani, mgeni hakai tu kama mzigo uliosahauliwa. Ipo saa yake. Anaitwa asimame asalimie: ataje jina, aseme ametoka kanisa gani, atoe salamu alizobeba, na akiwa na wimbo auimbe. Mgeni akiondoka bila kusalimia, wenyeji wanasema ana maringo, naye anasema wenyeji hawana adabu. Bilha alitazama saa ya ukutani, akatazama watu. Bibi mmoja wa Kizungu benchi la mbele yetu akafumbua macho, akatuona, akatabasamu. Bilha akaniegemea.

"Wanatungoja sisi," akasema. "Wageni ni sisi. Wana aibu tu ya kutuita."

Kabla sijamshika kitenge alikuwa amesimama.

"Bwana asifiwe," akasema kwa Kiingereza. Hakuna aliyejibu. Kwao salamu hiyo isipojibiwa unairudia kwa nguvu mpaka watu waamke. Akairudia. Kimya. Mie Mkatoliki nikamwonea huruma, nikaitika peke yangu, "Amina." Basi hapo akapata moto. Akataja jina lake, akataja Vihiga, akasema ameokoka na anampenda Bwana, akatoa salamu za mama yake na za akina mama wote wa kule. Kisha akasema ana wimbo.

Aliimba Kimaragoli, sauti yote, na makofi juu. Katikati ya ubeti akanitupia lile jicho la unangoja nini. Nikasimama. Kimaragoli sikijui hata cha kuombea maji, lakini kiitikio ni kiitikio. Nikaitikia, na mwisho nikapiga vigelegele, maana nikishaingia jambo sijui kuingia nusu. Tukakaa tunahema.

Hakuna aliyesema neno. Si amina, si makofi, si hata kikohozi. Walikaa vilevile, vichwa vimeinama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na hotipoti yangu.

Baada ya muda wakaanza kupeana mikono. Kumbe ndiyo wanamaliza. Yule bibi aliyetabasamu akasimama, akasema anaitwa Lorraine, na sasa wangependa kuwasikia wageni. Loo. Kumbe saa ya wageni ipo, ila wao wanaiweka mwishoni. Watu wote wakatugeukia. Bilha alikuwa amejikunja ndani ya kitenge kama kuku wa mvua, kwa hiyo ikabidi nisimame mimi. Nikasema naitwa Domina, ni Mkatoliki, nimemsindikiza huyu mnayemjua tayari. Wakacheka jengo zima, na sisi tukacheka, na maandazi yakaisha kabla ya chai.

Kwenye chai Lorraine akatueleza. Hawana mchungaji. Wanakaa wananyamaza pamoja, na yeyote anayesukumwa moyoni anasimama, anasema, anakaa.

"Na akisema, mbona hamwitiki?" Bilha akamuuliza. "Mimi nilijua nimewaudhi."

"Kutuudhi?" Lorraine akasema. "Tulikuwa tunakusikiliza. Tunanyamaza ili neno lako likae."

Bilha alishika kikombe chake akakiangalia.

Tuliingia garini, tukafika taa nyekundu ya kwanza. Kisha akalipuka. "Domina, hawa ndio waliotuletea dini, na hawaimbi! Sasa kwetu kuimba kulitoka wapi? Nani alianza? Kwani walifika Vihiga wakanyamaza, sisi tukawajibu kwa wimbo?" Alipiga dashibodi yangu kwa furaha, nami nikamkumbusha kwamba gari bado nalilipia. Akampigia mama yake Vihiga, akaweka spika. Mama wa watu akasikiliza yote, akauliza, "Hawaimbi kabisa?"

"Kabisa, Mama."

"Basi ndiyo sababu walikuja kwetu," mama akasema, akaendelea na habari za mbuzi.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alipokumbuka lile neno usivuruge. Aliambiwa akatazame, yeye akaongoza kwaya. Nikamshauri kama dada: sema tulikaa kimya kama wengine, nani atajua? Kesi imekwisha. Alinitazama kwa dharau ambayo sijapata kuiona.

"Nidanganye kuhusu ibada? Hata Mkatoliki anajua hiyo ni dhambi."

Haya bwana. Nikamwacha na dini yake.

Siku ya kuprezenti wageni waliruhusiwa, nikakaa nyuma na mkoba wangu mapajani. Kijana mmoja mwenye kofia, Ethan, alieleza habari za msikiti. Binti mmoja, Abigail, akaeleza hekalu la Wabuda. Wanaongea vizuri hawa watoto, kama wamemeza redio. Kisha profesa akaita, "Bilha."

Alisimama mbele na karatasi yake. Midomo ikafunguka, sauti haikutoka. Profesa akamwambia asiwe na haraka, na hapo moyo wangu ndio ukaanza kwenda haraka. Nikaiona Januari inaondoka, nikamwona mwingine amevaa sare yake ya unesi. Nikasema kimoyomoyo, sema chochote, mwanamke, sema hata uongo wangu.

Bilha akaikunja karatasi.

"Tuliambiwa tusivuruge," akasema. "Mimi nilivuruga."

Akaanza. Alisimulia kitenge, hotipoti, jam, salamu isiyojibiwa, hata tumbo langu hakuliacha. Darasa likacheka mpaka Abigail akajifuta macho. Akasimulia Wamarekani waliokuja Vihiga na kimya chao, na watu wa Vihiga walivyokipokea wakakitia wimbo, na kwamba hajui nani aliutia kwanza lakini atalitafuta jibu hilo hata akiwa bibi. Alikuwa anang'aa. Kiingereza chake kilikuwa na Umaragoli wote, na kila neno lilisikika.

Kisha akaiweka karatasi mezani.

"Nina jambo la mwisho," akasema. "Kwetu mtu akisema, watu wanaitika. Hata mguno unatosha. Usipoitikiwa, umekataliwa. Wiki ya kwanza nilijibu swali hapa, na nyinyi hamkuitika. Mliinamia kompyuta zenu. Nikaenda nyumbani nikajua mmenidharau, ndiyo maana sikusema tena muhula mzima. Juzi kwa Marafiki nimeambiwa kwamba kumbe mtu anaweza kunyamaza kwa sababu anakusikiliza. Sasa sijui. Labda na nyinyi mlikuwa mnanisikiliza."

Kumbe lafudhi haikuwamo hata kidogo. Na mimi na umbea wangu wote sikuwa nimejua.

Darasa likanyamaza. Nilikaa na amina imenijaa kinywani, nimekwishafungua mdomo nimwokoe, Bilha akaniona. Akatikisa kichwa, kidogo tu. Hakushika karatasi, hakuomba radhi, hakukimbilia kiti. Alisimama pale katika kile kimya akiwatazama mmoja mmoja.

Ethan akavua kofia.

"Mimi niliinama," akasema. "Nilikuwa naandika ulichosema wewe."

Profesa alimkata alama kwa kuvuruga, maana kanuni ni kanuni, na akampa zilizobaki zote. Zilitosha. Januari anaanza unesi. Tulipoingia garini nilidhani atalia, nikatoa na tishu. Hakulia. Alifunga mkanda, akanigeukia, uso mzima meno.

"Domina, uliona walivyoninyamazia?"