Kosa Dogo la Koplo Nangila

Teresa Nangila alizaliwa Luzira, upande unaoteremka kwenda Port Bell, katika nyumba ambazo ukifungua mlango wa nyuma unasikia mabehewa yakisukumwa kuingia kwenye feri. Baba yake, Wandera, alikuwa fundi wa bandarini. Hakupata mtoto wa kiume na wala hakulalamika. Nangila ndiye aliyemshikia spana, na Nangila ndiye aliyefundishwa kuendesha lori bovu la bandari kabla umri wa leseni haujafika. Alipojiunga na jeshi, wakubwa waliona haraka mahali pake ni wapi, wakampa usukani.

Aliendesha malori ya chakula, akaendesha gari la wagonjwa, akapanda cheo mpaka koplo. Hakuwahi kugonga kitu. Kisha akapangiwa kuwa dereva wa meja mmoja wa stoo. Huyo nitamwita Meja tu, maana kisa hiki kingeweza kuwa cha meja yeyote.

Asubuhi ya Jumamosi Meja alimwita kwenye kibaraza cha nyumba yake.

"Koplo, mpeleke madam soko la Owino. Anataka mapazia."

"Ndiyo, afande."

Sasa, msomaji, usiniulize kwa nini hakuomba ruhusa ya maandishi. Kila dereva kambini alijua kwamba gari la kazi huenda sokoni, huenda kanisani, huenda mpaka kwenye harusi za watoto wa wakubwa. Anayeuliza maswali siku hiyo, kesho analinda tangi la maji.

Juliet, mke wa Meja, hakuwa mtu mbaya. Kila walipotoka alimnunulia Nangila soda, na alimwita dada. Wakazunguka soko la Owino, wakapata mapazia ya rangi ya maziwa, mito ya viti na beseni. Walikuwa wameshapakia na Nangila ameshika ufunguo, polisi wa jeshi walipolizunguka gari. Wiki ile ilikuwa imetoka amri ya kukamata magari ya jeshi yanayoonekana kwenye shughuli za watu binafsi. Kiongozi wao alikuwa koplo mmoja mrefu aitwaye Obonyo.

"Dada, gari ya jeshi inafanya nini soko?"

"Nimetumwa na Meja wangu. Madam huyu hapa nyuma ni mke wake."

Obonyo alifanya jambo ambalo mtu wa haki angefanya. Alitoa simu, akampigia Meja, na kwa sababu ya kelele za wachuuzi akaweka spika.

"Afande, gari yako iko hapa Owino. Dereva anasema wewe ndiye ulimtuma."

Sauti ya Meja ikajaa ndani ya gari.

"Mimi? Sijamtuma mtu. Huyo amechukua gari kwa akili yake mwenyewe. Mkamate."

Nangila aligeuka akamtazama Juliet. Juliet alikuwa amepakata mto mmoja wa kiti, akautazama huo mto kama ndio kwanza anauona. Kisha akafungua mlango, akaita bodaboda mbili, moja ya kumbeba yeye na nyingine ya mapazia, akaondoka.

Ndivyo Koplo Nangila alivyoingia mahabusu, na shtaka likaandikwa: kutumia gari la jeshi bila ruhusa. Ni kosa dogo. Makosa ya namna hiyo hayapelekwi mahakamani. Mkuu wa kikosi huyamaliza mwenyewe mezani pake kabla ya chai: huyu afyeke nyasi, yule asitoke kambini wiki mbili. Mimi sipingi utaratibu huo. Jeshi haliwezi kuita mawakili kila askari anapochelewa gwaride. Lakini njia fupi kama hiyo inafaa pale tu mkubwa anaposema kweli. Mkubwa akidanganya, inakuwa njia fupi ya kumkanyaga mdogo.

Sajini Asuman, aliyekuwa mkuu wa madereva, alikuja kumwona kwenye dirisha la mahabusu.

"Dada, kesho utaulizwa kama unakubali uamuzi wa Kanali au unataka kamati ya nidhamu ikusikilize. Sema unakubali. Utafyeka nyasi, utarudi kwa gari lako, yaishe."

"Nikikubali, nimekubali kwamba mimi ni mwizi wa gari."

"Nani atakumbuka?"

"Mimi."

Asuman alikuwa na watoto shuleni na miaka michache ya kufikia pensheni, na alimpenda Nangila kama mdogo wake. Ushauri aliompa ndio ushauri ambao watu wema wote walikuwa wakipeana pale kambini. Ndio unaoniudhi kuliko uongo wa Meja.

Kesho yake Nangila alivuliwa bereti na mkanda, akaingizwa kwa mwendo wa gwaride mbele ya Kanali Okwera, mkuu wa kikosi. Kanali alisoma shtaka bila kuinua macho.

"Unakubali uamuzi wangu, au unataka kamati?"

"Nataka kamati, afande."

Kanali akaweka kalamu chini.

"Unajua kwamba hili ni kosa dogo?"

"Kama ni dogo, afande, Meja angeweza kulibeba mwenyewe."

Kwa neno hilo tepe zake za ukoplo zilivuliwa pale pale, kesi haijaanza hata kusikilizwa. Alirudishwa ndani, na mlinzi aliyembadilishia shati alikwepa kumtazama.

Basi akangoja. Kamati haikukaa, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa na msiba. Haikukaa tena, mjumbe mmoja alikwenda kozi. Askari waliopigana kilabuni waliletwa mahabusu, wakakubali uamuzi, wakafyeka, wakatoka. Aliyepoteza bunduki ya mafunzo kwa siku nzima aliletwa, akakubali, akatoka. Nangila aliwaona wakiingia na kutoka, na adhabu aliyoikataa ingekuwa imekwisha mara mbili, yeye bado yumo ndani kwa sababu ya kutaka asikilizwe.

Mama yake, Nafuna, mwanamke mfupi aliyekuwa akisuka nywele kwenye kibanda Luzira, alichoka kungoja. Akapanda kwenda nyumbani kwa Meja mchana, wakati mwenyewe yuko kazini. Juliet alimfungulia mlango, akamtambua kwa sura ya mwanawe.

"Karibu, maama. Kaa."

Nafuna hakukaa. Mapazia ya rangi ya maziwa yalikuwa yameshatundikwa.

"Haya ndiyo aliyokubebea mwanangu?"

"Maama, mimi sikumpeleka mahabusu."

"Ulikuwa ndani ya gari. Ulisikia. Nenda ukaseme ulichosikia, sikuombi kingine."

Juliet alifunga mlango wa jikoni ili msichana wa kazi asisikie.

"Nikisema, mume wangu atapoteza cheo. Tutatolewa nyumba hii. Nitakwenda wapi na watoto?"

"Na wangu yuko wapi sasa?"

Juliet aliingia ndani, akatoka na mfuko wa sukari na sabuni, akauweka mikononi mwa Nafuna. Nafuna aliuweka chini kwenye kizingiti, akashuka kilima kwa miguu mpaka kituoni.

Hatimaye kamati ilikaa katika ukumbi wa kulia chakula, meza zikiwa bado na harufu ya maharage. Mwenyekiti alikuwa Kapteni Akech, mwanamke asiyependa maneno mengi. Meja hakuja. Alikuwa na kazi za dharura, akaleta maelezo ya maandishi. Juliet hakuitwa, kwani ilisemekana mke wa ofisa hasumbuliwi kwa kosa dogo. Shahidi akabaki mmoja, Koplo Obonyo, aliyemkamata.

Watu walidhani Obonyo angesema kwa kifupi kwamba alilikuta gari sokoni, basi. Ndivyo alivyokuwa ameshauriwa. Alisimama wima, mikono ubavuni.

"Afande, nilimpigia simu Meja na spika. Mke wake alikuwa kwa kiti ya nyuma na vitu vya nyumba. Meja aliposema hakumtuma mtu, yule mama alishuka na vitu vyake akaenda. Mimi nikajua dereva anasema kweli. Lakini nilikuwa nimeamriwa kumkamata, nikamkamata."

Kapteni Akech aliandika, akanong'onezana na wenzake, kisha akasema Nangila hana hatia na arudi kazini.

"Na tepe zangu, afande?"

"Zitashughulikiwa."

"Na Meja?"

"Meja hayuko mbele ya kamati hii."

Hiyo ndiyo iliyokuwa haki yake. Alitoka mahabusu bila hatia, bila cheo, na bila gari, kwa sababu Meja alikuwa ameshapata dereva mwingine. Akawekwa getini. Tepe zilirudi baada ya miezi kadhaa, zimefungwa kwenye bahasha ya kaki, bila neno la samahani. Meja hakuulizwa lolote. Mwaka huohuo alihudhuria kozi ya uongozi.

Nangila aliyameza hayo. Alichoshindwa kumeza ni habari ya Obonyo. Kabla mwezi haujaisha tangu kamati ikae, Obonyo alihamishiwa kaskazini, mbali na mkewe aliyekuwa mjamzito, mahali ambapo mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Hakushtakiwa kosa lolote. Hakuna aliyemwita mezani kumuuliza kama anakubali uamuzi au anataka kamati.

Nangila alikwenda mwenyewe mpaka ofisini kuuliza. Karani wa kikosi alimjibu kwa upole, bila kuacha kupiga muhuri karatasi zake.

"Uhamisho si adhabu. Ni mahitaji ya kazi."

"Basi nipeni mimi huo wake, yeye arudi kwa mkewe. Kama si adhabu, kuna tofauti gani?"

Karani aliacha kupiga muhuri. Akatazama mlango wa ofisi ya mkuu uliokuwa wazi nusu, akainama mbele na kuteremsha sauti.

"Dada, nenda getini kwako."

Nangila hakwenda. Alivuta benchi la wageni, akakaa, kofia mapajani, akasema atamngoja Kanali atoke.