Alama za Meno Kwenye Sishamu

Sikio langu la kulia lilikufa mwaka ule ule tuliotengeneza gita la umeme, na hakuna aliyejua ila mimi. Hata mke wangu sikumwambia. Akiniita kutoka migombani nami nisiitike, ananuna, anasema siku hizi nimeota kiburi. Nilimwacha aseme. Kiburi hakimfukuzishi mtu kazi.

Nilikuwa seremala kwenye karakana moja karibu na Mto Themi, mjini Arusha, enzi hizo bendera ya Mwingereza bado iko bomani. Mwenye karakana alikuwa Kalasinga, mzee wa kilemba cheupe na sauti ya kufoka. Yule mtu alifoka kila kitu, hata "karibu chai". Mimi nilishuka kila alfajiri kutoka kwetu Meru, nikasimama kwenye msumeno wa mashine mpaka jioni, yeye akisimama nyuma yangu kupokea mbao.

Mashine ile ilikuwa na kelele, jamani, mpaka meno yanawasha. Mkanda wake wa ngozi ulikuwa mkuukuu, na kabla ya kukatika ulikuwa unapiga mluzi mwembamba. Ukiusikia, unaruka pembeni. Usipousikia, basi tena. Mwenzetu mmoja hakuusikia. Mkanda ulimchapa shingoni, akalala wiki mbili, na aliporudi Mzee akamlipa chake na kumwondoa, huku akitufokea sisi tuliobaki: "Mtu hapana sikia, hapana simama kwa mashine!"

Ndiyo maana nilifunga mdomo. Nilikuwa na watoto watatu, na unga wangu ukimwagika ningeuzoa wapi? Nilijifunza kumwekea Mzee upande wa kushoto kila anapozungumza, na usiku nililala nikiliombea sikio lililobaki.

Gita lilikuwa la mtoto wake, mtu mzima aliyekuwa akitengeneza redio mjini. Alikuwa ameona picha ya gita la umeme kwenye gazeti la Nairobi, akasokota waya kwenye sumaku mwenyewe ili inase mlio wa nyuzi, sasa alitaka mwili wa gita. Usiwe gogo tupu, alisema, gogo litamvunja bega. Utobolewe vyumba viwili, kulia na kushoto, katikati ubaki uti mzima wa kubeba sumaku na nyuzi. Kwa chini tukachagua mringaringa, mti ule ule ambao kwetu tunachonga mizinga ya nyuki. Kwa juu, kifuniko chake, Mzee akaleta ubao ambao sikuwahi kuugusa maishani: sishamu, mti wa kwao Punjabi, wa rangi ya kahawia yenye michirizi myeusi.

Ulikuwa mfuniko wa sanduku la marehemu mke wake. Mama yule alikuja nalo melini akiwa bi harusi. Tangu afariki, Mzee hakulifungua. Sasa ameung'oa mfuniko mwenyewe, anauweka kwenye meza yangu.

"Hii moja tu," alisema. "Ingine hapana."

Mbona mimi? Kwa sababu ya kidomodomo changu. Zamani niligonga ubao wa mninga kwa kifundo cha kidole, nikamwambia umeoza ndani. Tulipoupasua, kweli, umeoza. Tangu hapo, mbao zikiletwa ananiita, "Gonga! Sema!" Nami nagonga, nasema, yeye akinitazama mdomo kama mtu anayesubiri kulishwa. Nilivimba kichwa kwelikweli. Nilidhani ananiheshimu.

Kuchimba vyumba kwenye mringaringa hakukunisumbua. Shida ni kifuniko. Kilitakiwa kupunguzwa kwa ndani mpaka kikaribie unene wa ukucha. Kalipa inapima unene, lakini ubao mzee una mahali palipolala, palipolegea ndani, na hapo usipoacha nyama kidogo, siku nyuzi zikivutwa unapasuka. Mahali hapo hapaonekani. Panagongwa, panasikika.

Nikagonga. Sikusikia tofauti yoyote. La kushoto nalo lilikuwa limeanza kuvuma, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa; maneno ya watu yalinifikia, mluzi wa mkanda ulinifikia, lakini vitu vidogo vidogo hapana. Nikagonga huku, nikagonga kule. Jasho likanitoka mpaka ubao ukalowa. Mama yangu! Nikaanza kukwangua kwa kubahatisha, na kila unyoya wa mbao uliodondoka niliona unga wangu ndio unaodondoka. Kwenye pembe moja patasi ikazama zaidi ya nilivyotaka, na mkononi nikahisi kitu kimelia. Mkononi, si sikioni. Nikaweka patasi chini, nikakaa sakafuni.

Pale sakafuni ndipo nilipomkumbuka mjomba. Alikuwa mchonga mizinga, na siku za upepo mkali kule mlimani, asiposikia kitu, alikuwa anauma ukingo wa mzinga kwa meno halafu ndio anagonga. Tulimcheka sana, tukisema mjomba ana njaa.

Nikatazama mlangoni. Hakuna mtu. Nikaiuma sishamu ya marehemu, nikagonga.

Lo! Sauti ilipanda tayani, ikaingia kichwani, safi. Hapa pako macho, hapa pamelala. Machozi yalinitoka. Siku tatu nilifanya kazi hivyo, nikivizia Mzee atoke, nikisikiliza hatua zake kwa hilo sikio moja linalovuma. Mara mbili nusura anikute na ubao mdomoni. Na kwenye ukingo wa ndani vikabaki vishimo vidogo vya meno yangu, ambavyo hakuna msasa ungeviondoa bila kuukondesha ubao. Nilijipa moyo kwamba gundi itavificha.

Siku ya kugundisha, mwenye gita akiwepo na gundi ikiwa inachemka, Mzee akakichukua kifuniko. Akapitisha dole gumba ukingoni taratibu. Dole likasimama.

"Hii nini?"

"Panya, Mzee," nilisema. Jamani, ndilo jibu nililopata.

"Panya nakula sishamu?"

Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitamwambia nini mke wangu. Yeye akamtuma mwanawe nje kutafuta jiliwa nyingine ya kubania, akasubiri mlango ufungwe. Kisha akainua kifuniko, akakiuma, mahali pale pale pa meno yangu, akakigonga kwa ile bangili ya chuma wanayovaa Makalasinga mkononi. Akafumba macho. Akagonga tena, na tena. Kilemba kilikuwa kinatikisika.

Alipokitoa mdomoni alizungumza kwa sauti ndogo, mara ya kwanza kumsikia hivyo, tena ndogo mno, mpaka ilinibidi niinamishe kichwa.

"Sikio gani?"

Nikagusa la kulia. Yeye akagusa lake la kulia, halafu la kushoto.

"Mimi yote mbili. Zamani sana."

Mwingine angefarijika. Mimi nilishikwa na baridi. Miaka yote ile nilikuwa nasimama kwenye mashine, mkanda mgongoni kwangu, nikijua kwamba yupo mtu nyuma anayenisikilizia. Mimi nisiposikia, Mzee atapiga kelele. Kumbe nyuma yangu hapakuwa na mtu.

"Na yule mwenzetu?" niliuliza. "Siku ile nyuma yake alikuwa nani?"

Alinitazama mdomo. Alielewa, najua alielewa. Akachukua brashi akaanza kupaka gundi.

Jumamosi mwanawe alilifunga gita nyuzi, akaliunga kwenye redio, akapiga. Watu wakaja kusimama mlangoni. Mzee hakuwatazama hao wala mwanawe, alinitazama mimi.

"Nalia?"

"Linalia, Mzee."

"Zuri?"

"Zuri sana," nilimwambia, nikitamka polepole ili aone vizuri. Nilikuwa nimesikia nusu tu.

Hakunifukuza, na mimi sikuacha kazi. Jumatatu akawasha mashine, akasimama nyuma yangu kama kawaida. Nikasogeza mguu, nikaugeuzia mkanda sikio la kushoto, nikaanza kusikiliza kwa niaba yetu wawili, na lenyewe lilikuwa linavuma.